Ukitukanwa dini mtandaoni sheria imekutaja, ukipigwa kwa ajili ya dini haijakutaja

Wakili_wa_Kata (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mada ya misikiti na makanisa, nikaona nikiuandika kwenye maoni utapotea. Ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Swali lililokuwa linajirudia kule ni hili: mtu akishambuliwa kwa sababu ni Mkristo, Muislamu, Mhindu au hana dini kabisa, Tanzania kuna sheria ya kumlinda? Wengi mlijibu "ipo, Katiba ibara ya 19". Sawa. Ibara ya 19 inatoa uhuru wa kuabudu na hata wa kubadili dini, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi na imeitaja dini kwa jina lake. Lakini ibara ya 19 haimpeleki mtu jela. Afande wa zamu hawezi kuandika kwenye hati ya mashtaka "kinyume na ibara ya 19". Anataka kifungu cha jinai. Twende kwenye vifungu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina sehemu nzima ya makosa yanayohusu dini, kuanzia kifungu cha 125 mpaka 129. Cha 125 ni kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kitakatifu. 126 ni kuvuruga ibada. 127, kuingilia makaburi. 128, kuzuia maziko. 129, kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za mtu za kidini. Visome taratibu uone nini kinalindwa. Jengo, kusanyiko, kaburi, maiti, hisia. Muumini mwenyewe, mwenye mbavu na meno, hayumo.

Sababu yake ni ya kihistoria. Kanuni hii ililetwa na Mwingereza mwaka 1930, na vifungu hivi vinafuata vile vya Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, vifungu 295 hadi 298. Kenya wanavyo pia, 134 hadi 138, karibu neno kwa neno. Mkoloni kule India alikuwa na hofu moja: Wahindu na Waislamu wakianza kugombana barabarani, utawala wake unayumba. Akatunga sheria ya kuzuia fujo. Wewe kung'olewa jino njiani kwa sababu ya kanzu yako au rozari yako, hiyo kwake ilikuwa kesi ya kupigana kama kesi nyingine.

Na kwetu bado ndivyo ilivyo. Ukipigwa ukaumia, aliyekupiga anashtakiwa kwa kifungu cha 241, kifungo kisichozidi miaka 5. Akikujeruhi vibaya ni 225, miaka 7. Kwa nini alikupiga? Hakimu anaweza kulitazama hilo wakati wa kutoa adhabu, na anaweza asilitazame. Hakuna kinachomlazimisha.

Sasa weka pembeni yake Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 18 kinakataza kumtusi mtu kwa njia ya kompyuta kwa misingi ya rangi, asili, utaifa, kabila au dini. Maana yake nikiandika humu kwamba watu wa dini fulani ni takataka, nimetenda kosa linaloitambua dini yenu. Nikimfuata mmoja wenu barazani kwake nikamtandika huku nikisema maneno yale yale, dini inatoweka kwenye hati ya mashtaka. Linabaki "shambulio la kudhuru mwili". Hapo ndipo hoja yangu ilipo na ndiyo sababu ya kichwa cha uzi.

Mniwekee kumbukumbu: sisemi makosa makubwa hayana adhabu. Oktoba 2012 pale Mbagala, baada ya mtoto kukojolea msahafu, makanisa yalivamiwa na kuchomwa. Februari 2013 Padre Evaristus Mushi alipigwa risasi Zanzibar akienda kusalisha misa ya Jumapili. Mwezi huo huo kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa, Muislamu au Mkristo, ulimwua mchungaji. Mei 2013 bomu lililipuka kanisani Olasiti, Arusha. Kuchoma jengo kwa Tanzania Bara ni kifungu cha 319, kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Juu ya hapo huwezi kuongeza kitu. Pengo liko kwa yale madogo yanayotangulia makubwa: dada kuvutwa hijabu stendi, kioo cha kanisa kupigwa jiwe kila wiki, nyama ya nguruwe kutupwa mlangoni mwa msikiti, mzee wa Kihindu kuzomewa akitoka hekaluni. Haya yanaishia kwa mjumbe, au yanaandikwa kituoni kama "lugha ya matusi", na hakuna anayeunganisha la leo na la mwezi uliopita.

Nitaendelea na 129, maana ndicho chenye kesi. Nipeni muda nile.

Njiwa_Mwitu

Nimeweka kambi. Mods msije mkauhamishia jukwaa la dini, huku wanauana.

Wakili_wa_Kata

Narudi. Kesi ya Dibagula, wenye umri wenu mnaikumbuka. Mhubiri wa Kiislamu Morogoro, kwenye mhadhara wa hadhara, alikana uungu wa Yesu. Akashtakiwa kwa kifungu cha 129, mahakama ya chini ikampa miezi 18. Mwaka 2001 Waislamu wakaingia barabarani Dar. Mahakama Kuu ikamwachia atoke, lakini hatia ikabaki. Akaenda mbele, rufaa namba 53 ya mwaka 2001, mbele ya jopo la Jaji Mkuu Samatta, na Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia yenyewe.

Msingi wa uamuzi ule kila mhubiri na kila mchungaji angeujua, tungepunguza simu nyingi za polisi. Kusema unachokiamini, hata kama kinapingana moja kwa moja na imani ya jirani yako, si kosa. Kifungu kinadai makusudi ya kuumiza. Muislamu anaposema Yesu ni nabii na si Mungu, anatamka itikadi yake. Mkristo akisema Yesu ndiye njia pekee, naye anatamka yake. Ukiwafunga wote wawili kwa hilo, umeifuta ibara ya 19 kwa mkono wa kifungu cha 129.

Kwa hiyo kwenye maneno mahakama yetu ya juu imeshaweka kizingiti, tena kizuri. Hakuna anayekifuata huku chini, hilo nakubali.

Mzee_Kifimbo

Wakili, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Lakini naona unataka kutuletea balaa. Unasema sheria haimtaji muumini, kwa hiyo itungwe ya kumtaja. Nani ataitumia? Polisi wale wale, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) yule yule. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikamatwa, wakapewa mashtaka ya ugaidi, wakasota mahabusu miaka na miaka, Juni 2021 DPP akasema hana haja ya kuendelea na kesi. Basi. Hakuna samahani wala fidia. Hiyo Sheria ya Ugaidi ya 2002 ilipokuwa inapitishwa tuliambiwa inatulinda sisi.

Leo ukitunga sheria ya "chuki ya kidini", wa kwanza kukamatwa atakuwa mhubiri wa Manzese mwenye spika mbovu. Yule aliyemvuta dada hijabu hutamwona mahakamani. Tusijidanganye.

Wakili_wa_Kata

Mzee Kifimbo shikamoo. Hofu yako ndiyo yangu, na ndiyo maana sijataja popote sheria mpya ya maneno. Za maneno tunazo mpaka zinamwagika: 129, 63B ya kuchochea uhasama kati ya makundi ya jamii, makosa ya uchochezi, na hiyo ya mtandao. Za maneno ningezipunguza. Ninachotaka ni kitu kingine: kosa ambalo tayari ni kosa (kupiga, kuharibu mali, kutishia kuua), likithibitika limefanywa kwa sababu ya dini ya aliyetendewa, adhabu ipande na hukumu iseme hivyo. Mtu asiyepiga, asiyeharibu, asiyetishia, haguswi. Mhubiri wa Manzese na spika yake yuko salama, labda majirani wamshtaki kwa kelele.

Mwana_wa_Kisauni

Hamjambo wenzangu wa Bongo. Niingie na ya Kenya kwa sababu kila mtu hudhani sisi tumeshamaliza hii kazi.

Katiba yetu ya 2010, kipengele cha 33, yasema uhuru wa kujieleza haufiki kwenye matamshi ya chuki, na inarejelea misingi ya ubaguzi ya kipengele cha 27, ambapo dini, imani na mavazi yote yametajwa. Hapo sawa kabisa. Tatizo ni kwamba sheria yenyewe ya kumshtaki mtu, ile ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ni ya 2008, ilitungwa majeraha ya uchaguzi wa 2007 yakiwa mabichi. Watunzi walikuwa wanaona kabila tu. Kifungu cha 13 kinaadhibu "chuki ya kikabila", kifungo hadi miaka 3 au faini hadi milioni moja, halafu kinaeleza chuki hiyo kuwa ni dhidi ya kundi linalotambulika kwa rangi, utaifa au asili ya kikabila. Dini haimo kwenye maelezo hayo. Kifungu cha 62 nacho ni kabila na rangi. Mwanasiasa akitukana Wakamba atafikishwa kortini Milimani kesho. Akiwatukana Waislamu au Walokole, wakili wake ataamka na kifungu mkononi.

Na sisi huku pwani tumeona. Agosti 2012 Aboud Rogo alipouawa, vijana waliingia mitaani Mombasa, makanisa yakavunjwa na kuporwa. Wakristo waliokuwa ndani ya makanisa yale hawakuwa wamemuua mtu. Upande wa pili, kila bomu likilipuka Nairobi, ndugu zetu wa Eastleigh na hata sisi wa Old Town twasimamishwa kwa kofia zetu.

Kubwa zaidi ni Mandera. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria, asiyeweza kusoma shahada akauawa. Watu 28. Hakuna chuki ya kidini iliyo wazi kuliko hiyo, lakini kisheria ni ugaidi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Mwaka uliofuata, Desemba, walisimamisha basi lingine karibu na El Wak wakitaka kutenganisha tena. Waislamu waliokuwa ndani wakakataa. Wanawake wakawagawia Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki mwezi uliofuata, na serikali ikamtunuku nishani. Naandika hili kwa sababu kila uzi kama huu, kufika ukurasa wa tatu, watu huanza kuhesabiana maiti.

Njiwa_Mwitu

Huyu Mkenya kaandika vizuri mpaka naona aibu na ile post yangu ya juu.

Mzenji_Halisi

Yakhe Wakili, umetaja kifo cha Padre Mushi kwenye uzi wa Sura ya 16, lakini Sura ya 16 haifiki kwetu. Zanzibar tuna Sheria ya Adhabu yetu wenyewe, namba 6 ya 2018. Kabla yake ilikuwa nyingine, nayo ni namba 6, ya 2004. Watu wa Bara mnasahau kila siku kwamba makosa ya jinai ya kawaida si mambo ya Muungano.

Na jengine. Wakati ule wa 2012 na 2013 mie niliona kitu kimoja ambacho hamkisemi. Aliyemwagiwa tindikali Novemba 2012 alikuwa Sheikh Fadhil Soraga, kiongozi katika ofisi ya Mufti. Muislamu. Mwaka wa pili, Septemba, akamwagiwa Padre Mwang'amba. Sasa hiyo ya sheikh utaiita chuki ya kidini? Aliyekumwagia akiwa wa dini yako, lakini anakuona umeuza dini, sheria yako ya kupandisha adhabu inamkamata au inampita?

Wakili_wa_Kata

Mzenji umenirekebishia mpaka, ahsante. Na swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, nilikuwa nategemea litoke kwako.

Jibu langu: inategemea kifungu kitakavyoandikwa. Ukiandika "mtu wa dini moja akimshambulia wa dini nyingine", umewaacha nje Shia anayepigwa na Sunni, Mlokole anayepigwa na familia yake ya Kikatoliki, aliyesilimu na aliyeritadi. Kwa Tanzania hao ndio wengi. Aliyebadili dini hapigwi na mtu wa mbali, anapigwa na kaka zake. Kwa hiyo kifungu kiangalie aliyetendewa: alishambuliwa kwa ajili ya imani yake, au kwa anavyodhaniwa kuamini? Mshambuliaji awe wa dini gani, au hana, haihusu.

Vipi walio Ulaya, huko wameandikaje? Mama Nuru najua upo, unasoma tu.

Mama_Nuru_London

Nipo baba, nilikuwa kazini. Mimi si mwanasheria, lakini nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya jumuiya huku kaskazini mwa London na hizi fomu nimezijaza mpaka nazijua.

Huku walianza na rangi. Mwaka 1983 mahakama ya juu iliamua, katika kesi ya mtoto wa Kisikh aliyekataliwa shule kwa sababu ya kilemba, kwamba Masikh ni kundi la asili moja, kwa hiyo sheria ya ubaguzi wa rangi inawalinda. Wayahudi vilevile. Waislamu hapana, maana Muislamu anaweza kuwa Mmakonde, Mturuki au Mzungu wa Leeds. Kwa miaka karibu ishirini mtu akikutusi "Mpakistani" ilikuwa jambo zito, akikutusi "Muislamu" ilikuwa bahati yako mbaya. Wenzangu wa Kenya, mnaona ni pengo lile lile lenu?

Walikuja kuliziba mwaka 2001, baada ya Septemba 11, kwa kuongeza dini kwenye Sheria ya Uhalifu na Vurugu ya 1998. Na imeandikwa hivi anavyotaka Wakili. Kosa la kawaida linabaki lile lile ila likiwa na chuki ya kidini kifungo kinapanda. Shambulio dogo lisilo na majeraha, kutoka miezi 6 hadi miaka 2. La kudhuru mwili, kutoka 5 hadi 7. Kuharibu mali, kutoka 10 hadi 14. Na wanaposema kundi la kidini, sheria inasema wazi ni pamoja na watu wasio na imani ya dini.

Kuthibitisha kuna njia mbili. Ya kwanza, mshtakiwa alionyesha uhasama wakati wa kutenda, au kabla na baada yake hapo hapo. Ya pili, alisukumwa na uhasama huo, hata kwa sehemu tu. Ya kwanza ndiyo inayoshinda kesi. Dada mmoja wa kwetu alivutwa mtandio kwenye basi. Alikuwa anatetemeka, akaeleza kila kitu isipokuwa maneno aliyoambiwa, kwa sababu yalikuwa machafu na aliona haya kuyatamka mbele ya askari mwanamume. Nilimwambia mwanangu, yatamke, yaandikwe jinsi yalivyo, tusi kwa tusi. Bila yale maneno ni mtu kavuta kitambaa tu.

Upande wa maneno matupu walikuwa wakali sana, kwa maana ya kulinda uhuru. Serikali ya Blair ilitaka sheria pana ya kuchochea chuki ya kidini. Januari 2006 ikashindwa bungeni kwa kura moja, 283 kwa 282, na Blair mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Kilichopita ni chembamba: lazima maneno yawe ya kutishia, lazima kusudio lithibitike, na kuna kifungu kizima kinachosema kukosoa, kudhihaki, hata kutukana dini si kosa. Miaka miwili baadaye wakafuta na kosa lao la zamani la kukufuru. Yaani waliacha kulinda dini wakaanza kulinda wenye dini. Kwetu Waislamu wengine waliona uchungu. Mimi niliona afadhali.

Mzee_Kifimbo

Mama Nuru, na imesaidia? Maana makaratasi hata sisi tunayo.

Mama_Nuru_London

Kaka yangu, nikuambie kweli: haijazuia. Polisi wa England na Wales walirekodi makosa 10,484 ya chuki ya kidini katika mwaka ulioishia Machi 2024, yamepanda kwa robo nzima, zaidi baada ya vita vya Gaza kuanza. Waislamu na Wayahudi ndio walioumia sana. Lakini angalia kwamba wewe na mimi tunaijua hiyo hesabu. Inahesabiwa. Huko nyumbani ukiniuliza ni wangapi, nitakujibu nini?

Na niwape hili. Juni 2013, siku chache baada ya mwanajeshi kuuawa Woolwich, kituo cha Al-Rahma pale Muswell Hill kilichomwa moto, ukutani wakaandika herufi za kundi la wazalendo wa Kiingereza. Kile kituo ni cha nani? Watu wa Barawa. Ndugu zetu wa Chimiini, ukikaa nao dakika tano unasikia Kiswahili cha mabibi. Walikimbia vita Somalia wakaja kuchomewa London. Ramadhani ilikuwa inakaribia na hawakuwa na pa kuswali. Waliowafungulia mlango ni Wayahudi wa sinagogi la Finchley. Tulifuturu humo.

Mwana_wa_Kisauni

Subhanallah. Hiyo ya Wabarawa sikuwa naijua na mamangu mkubwa ameolewa kwao.

Sina_Dini_Bongo

Nimevutiwa na hapo kwenye "wasio na imani". Mimi siamini chochote na kijijini wanajua. Kifungu cha 129 kinalinda "hisia za kidini". Zangu si za kidini, kwa hiyo mtu anaweza kuniita shetani kanisani kila Jumapili na hakuna shida. Ila mimi nikisema humu ninachofikiri kuhusu miujiza ya mafuta na maji, kesho naitwa polisi. Wakili nambie kama nimekosea.

Wakili_wa_Kata

Hujakosea sana. Kwa kesi ya Dibagula, ukisema usichokiamini bila makusudi ya kuumiza, unapaswa kushinda. Ila ukikamatwa utashinda ukiwa umeshalala ndani. Ndiyo maana nikasema za maneno zipunguzwe. Na Katiba inasema uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Kuchagua kutokuwa nayo ni uchaguzi.

Ukibaguliwa kazini nenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, dini imo kwenye orodha. CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, wanaielewa.

Mjukuu_wa_Kilosa

Samahanini wakubwa, naomba nitoke kwenye Ulaya nirudi mtaani. Kwenye makaburi ya kwetu misalaba ya chuma imeng'olewa usiku, safu nzima, pamoja na wa babu. Ya mbao na ya zege imeachwa. Watu wa jumuiya wamekasirika, wanasema ni wale wa upande wa pili kwa sababu kulikuwa na mvutano wa eneo la kupanua makaburi yao. Mwenyekiti wa mtaa anasema ni wezi wa skrepa. Vijana wanataka kwenda kulipiza. Niende polisi nikaseme nini?

Wakili_wa_Kata

Pole sana kwa babu. Nenda leo, usingoje kikao. Na vijana waambiwe kabisa kwamba wakigusa kaburi lolote la upande wa pili, wao ndio watakaoingia kwenye 127 kabla ya mwizi.

Iliyong'olewa ni ya chuma tu, ya mbao na zege ipo. Mwenye chuki hachagui kwa bei ya kilo. Kwa hiyo usiandike kwenye maelezo yako kwamba ni Waislamu, hukuwaona. Andika ulichokiona: safu ipi, misalaba mingapi, majina yaliyokuwa juu yake, mara ya mwisho kuiona ni lini. Kama mnazo picha za siku ya maziko peleka, zinasaidia kuutambua msalaba ukipatikana. Chukua namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Wakati huo huo mwenyekiti na watu wawili wa jumuiya, na ningeshauri na mmoja wa msikitini, wapite kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kuhusu kifungu, waombe waandike wizi na pia 127. Wengi hawakijui: hakihitaji mtu awe na chuki. Akiingia makaburini akijua kwamba anachofanya kitaumiza hisia za watu, inatosha. Mtu anayeng'oa msalaba juu ya kaburi la mtu kwa ajili ya kilo nane za chuma hawezi kusema hakujua.

Mzenji_Halisi

Hapo Wakili umetumia sheria ile ile ya mkoloni uliyoiponda asubuhi.

Wakili_wa_Kata

Nimeiponda kwa kisichokuwemo. Kilichomo nakitumia, sina nyingine.

Mjukuu_wa_Kilosa

Mrejesho. Tumeikuta misalaba miwili kwa mnunuzi mmoja, mmoja umekatwa vipande lakini jina linasomeka. Amesema ameletewa na kijana wa kwetu wenyewe, tena kipaimara tulipata naye pamoja. Jumuiya imenyamaza ghafla. Kituoni wameandika wizi peke yake. Nilipotaja 127 afande akaniuliza hicho kifungu kiko kitabu gani.

Wakili_wa_Kata

Sura ya 16, sehemu ya makosa yanayohusu dini, katikati ya 126 na 128. Nitumie PM jina la mkuu wa upelelezi hapo wilayani, nitampigia kesho asubuhi.